Kodi ya Kuketi: Forodha za Pwani, Hongo la Ugogo na Kumbi za Dodoma

Dodoma haina bahari. Iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wake, mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, na mito mingi ya Ugogo huwa mchanga mtupu kwa miezi. Ikizungumzwa biashara ya kukodisha majengo ya kale ya bandari kwa mikutano ya kutwa ya makampuni, fikra huenda Unguja, Mombasa au Bagamoyo, na mkazi wa uwanda wa kati huona mazungumzo hayo hayamhusu. Ninadai kwamba yanamhusu sana. Majengo ya bandari yalizaliwa na kodi: mgeni alilipa ili apate mahali pa kuweka mzigo, kuonana na wenye mali na kumaliza shauri lake. Njia ya misafara iliyoanzia mlangoni mwa majengo hayo ilipita Ugogo, na Ugogo nayo ilikuwa na forodha yake, iliyotoza kwa sababu ileile. Kwa hiyo anayeuliza kama ni halali kukodisha jengo la historia kwa kikao cha bodi ya benki au warsha ya kampuni ya simu ajibiwe kwa historia ya majengo yenyewe, na historia hiyo inasema kwamba kodi ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika kila zama ni nani aliyepokea fedha na alitoa nini badala yake.

Tuanze pwani, maana huko ushahidi uko wazi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 forodha ya Unguja yenyewe ilikuwa kitu cha kukodishwa. Sultani hakuajiri makarani wa kuhesabu ushuru. Alikodisha haki ya kuukusanya kwa kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, na mkodishaji alibaki na ziada. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, iliishika haki hiyo kwa miongo mingi, na mwaka 1876 ikapita kwa Tharia Topan. Mikataba na mataifa ya nje, kuanzia ule wa Marekani wa 1833, iliweka ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa asilimia 5. Huyo Tharia Topan ndiye aliyegharimia lile jengo la roshani za mbao lililo ufukweni Mizingani, lililowekewa msingi mwaka 1887 na kukamilika 1894 baada ya yeye kufariki, ambalo watu hadi leo huliita Dispensari ya Zamani. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni na kufanywa kituo cha utamaduni. Jirani yake, katika jengo la zamani la forodha, chuo cha muziki wa nchi za majahazi kiliingia mwaka 2002, na mahali palipopimwa pembe na karafuu pakafundishwa ganuni na udi. Upande wa Shangani, nyumba iliyokuwa ya mitambo ya simu za nje, mrithi wa ile waya ya telegrafu iliyofika Unguja chini ya bahari mwaka 1879, imekuwa hoteli inayopokea mikutano. Hakuna hata moja kati ya majengo haya lililokuwa hekalu. Yote yalijengwa yaingize fedha au yatoe huduma, na yote yamesimama kwa sababu mtu ameendelea kuyatumia.

Wengine wamekwenda mbali zaidi katika biashara hii. Mjini London kuna Trinity House, chombo kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1514 na ambacho hadi leo husimamia minara ya taa ya Uingereza na Wales. Nyumba yake ya Tower Hill ilikamilika mwaka 1796, ikaungua kwa mabomu mwaka 1940, ikajengwa upya na kufunguliwa 1953. Siku ambazo wenyewe hawakai, vyumba vyake hukodishwa kwa mikutano na karamu. Mgeni anayelipa ili aketi chini ya picha za manahodha wa kale anaketi katika vyumba ambavyo kwa kiasi kikubwa ni vya karne ya 20, wala hilo halimpunguzii chai. Ninalitaja kwa sababu moja tu: mwenye nyumba ni yuleyule aliyeijenga, na bado anaifanya kazi iliyomfanya aijenge. Kodi ya ukumbi inaingia mahali panapojulikana.

Sasa turudi bara. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulifika Mpwapwa, ukajaza vibuyu, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ukaingia Ugogo. Mbele yake, kabla ya Unyamwezi, kulikuwa na nyika nyingine iliyoogopwa zaidi, Mgunda Mkali. Katikati ya nyika hizo mbili palikuwa na nchi ya watu wenye ng'ombe, mtama, visima vilivyochimbwa kwa jasho na mabwawa yaliyolindwa. Msafara wa watu mia kadhaa haungeweza kupita hapo bila kununua chakula na maji, na haungeweza kununua bila idhini ya mtemi. Idhini hiyo ndiyo iliyolipiwa hongo: merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba. Richard Burton na John Speke walilipa mwaka 1857. Henry Morton Stanley alilipa mwaka 1871, kituo kwa kituo, Mvumi na kwingineko. Katika maandishi ya Burton na ya Stanley linatokea jina la Magomba wa Kanyenye, mzee ambaye hakuna msafara uliomkwepa. Kwa mizani ya biashara, Magomba alikuwa bwana forodha kama Jairam Shivji, tofauti ikiwa kwamba bidhaa yake ilikuwa maji badala ya gati.

Namna hongo lilivyotolewa inastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana hapo ndipo mizizi ya biashara ya ukumbi ilipo. Msafara ulipofika ulipiga kambi mahali ulipoelekezwa. Wajumbe walikwenda kwenye tembe ya mtemi, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa, iliyozunguka ua wa pembe nne ambamo ng'ombe hulala. Kikao hakikuanza siku hiyo. Pengine mtemi alikuwa na pombe, pengine wazee wake hawajafika, pengine kitambaa cha kwanza kilirudishwa kwa kuwa ni chembamba. Siku ya pili hesabu ilianza upya, na siku ya tatu huenda ngoma ikalia kutangaza kwamba msafara uko huru na wanawake wanaweza kuja kambini kuuza nafaka. Wasafiri wa Ulaya walikereka sana na kungoja huko, na vitabu vyao vimejaa malalamiko. Lakini kungoja kulikuwa sehemu ya huduma. Kila siku ambayo msafara ulikaa ulinunua mtama, maziwa, kuku na maji, na kila siku habari za bei za pwani na za vita vya bara zilibadilishana midomo. Ugogo iliuza muda. Wapangaji wa makongamano leo hufanya hivyohivyo, ila wao huuandika kwenye ankara kwa jina la siku ya pili na chakula cha jioni.

Hapa kuna pingamizi la kwanza, la zamani kuliko mengine yote: kwamba hongo lilikuwa unyang'anyi, na kwa hiyo kulilinganisha na ushuru wa forodha ni kulipamba. Wasafiri wale waliliandika hivyo, na baadhi ya vitabu vya shule vilirithi lugha yao. Ni kweli kwamba kiasi kilibadilika kulingana na mtemi, na kwamba msafara dhaifu ulikamuliwa kuliko ule wenye bunduki nyingi. Ni kweli pia kwamba asilimia 5 ya Unguja ilikuwa imeandikwa. Hata hivyo tofauti ya maandishi haigeuzi asili ya jambo. Mfanyabiashara wa Unguja alilipa ili apate gati, ghala na ulinzi. Msafara wa Ugogo ulilipa ili upate kisima, soko na njia salama. Aliyeona la kwanza ni sheria na la pili ni wizi alikuwa anapima kwa kipimo cha nani anamtoza: sultani mwenye mikataba na mabalozi, au mkulima mwenye mkuki na jembe. Nadhani Wagogo waliielewa thamani ya nchi yao vizuri zaidi kuliko walivyoielewa wageni waliopita humo kwa haraka.

Bahari yenyewe, kwa vipande, imewahi kupita katika uwanda huu. Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na zaidi ya watu 300, na kati ya mizigo yao ilikuwamo mashua iitwayo Lady Alice, iliyokatwa mapande ili ibebwe mabegani. Mwezi uliofuata mapande hayo yalifika Mpwapwa, yakapita pembezoni mwa Ugogo, yakapanda kaskazini kupitia nchi ambayo leo ni Singida, na mwishoni mwa Februari 1875 yakafika Ziwa Viktoria, ambako mashua iliunganishwa na kulizunguka ziwa zima. Miaka 40 baadaye ilikuwa zamu ya meli kamili. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Mabehewa yaliyoibeba yalipita Dodoma yakienda Kigoma, na Februari 1915 meli ikashushwa majini. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Hata baada ya hapo vyombo vya bahari havikukoma kuja: pale Kongwa, katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta ili ing'oe vichaka. Mradi ulianguka, vichaka vikarudi. Ninayataja haya kwa sababu ya kuonyesha kwamba pwani na uwanda wa kati ni ncha za kamba moja, na majengo ya huku hayaeleweki bila yale ya kule.

Hongo lilikoma kwa nguvu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliweka kituo cha kijeshi Mpwapwa, na mwaka uliofuata Carl Peters, akirudi kutoka Uganda, alipigana na Wagogo waliomdai malipo ya kupita. Baada ya hapo aliyetoza alikuwa mtawala wa boma, na maji ya mtemi hayakuwa tena na mlango. Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde la ufa, ikawa kituo cha utawala. Kisha reli ikaja na kuipindua ramani hiyo. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kilimatinde ikaachwa kando ya njia, na kijiji cha Dodoma kikawa mji. Mkabala na kituo ikainuka hoteli ya reli, ambayo bado ipo, na kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa mahali pa mgeni wa Dodoma kuoga vumbi, kula na kungoja. Barabara kuu ya kaskazini kwenda kusini, iliyoota ndoto ya kuunganisha Cairo na Cape, ilikata reli hapo hapo. Na ndege za Imperial Airways zilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mgeni hakulipa tena kwa kaniki bali kwa shilingi, na fedha ziliingia kwenye vitabu vya reli.

Wapo watakaosema mlolongo huo ulikatika mwaka 1973, TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na kwamba kumbi za leo ni uzao wa siasa, hazina nasaba na tembe wala hoteli ya reli. Siasa haikuchagua mahali kwa bahati nasibu. Hoja kuu ya uamuzi ule ilikuwa kwamba Dodoma iko katikati, na ukatikati huo ulikuwa umekwisha kuthibitishwa na misafara, reli, barabara na ndege kwa zaidi ya karne. Chama kilijenga juu ya kazi ambayo mahali palikuwa pakiifanya: kuwakutanisha watokao pande mbalimbali, kuwalisha na kuwarudisha. Ukumbi wa Chimwaga ulishuhudia uteuzi wa wagombea urais wa CCM mwaka 1995 na 2005, kabla ya eneo lake kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Ukumbi wa Kizota ukafuata. Julai 2015 wajumbe walikutana katika ukumbi mpya ambao leo unaitwa kwa jina la Jakaya Kikwete. Bunge lilikaa katika ukumbi wa Msekwa kabla ya jengo lake jipya la mwaka 2006, na mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba liliujaza mji hadi nyumba za wageni zikakosa vitanda. Serikali ilipohamia kwa dhati kuanzia 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kukodisha mahali pa kukutania kukawa moja ya riziki kuu za Dodoma.

Je, jiji lenye kumbi nyingi namna hiyo linahitaji kuhangaika na majengo ya kale? Hili ni pingamizi zito, na mwenye hoteli mpya ana haki ya kulitoa. Kumbi kubwa zina viyoyozi, jenereta, vyoo vya kutosha, maegesho na mtandao. Jengo la 1910 lina kuta nene, madirisha marefu na waya za umeme zilizopachikwa baadaye. Lakini mkutano wa kutwa wa kampuni haufanani na mkutano mkuu wa chama. Mara nyingi ni watu 20 au 30: bodi, timu ya mauzo, wakaguzi, wadau wa mradi mmoja. Wanahitaji chumba kimoja, chai ya saa nne, chakula cha mchana, na mahali pa wawili kujitenga wakati shauri limekwama. Katika ukumbi wa watu 1,000 kundi hilo hupotea. Katika chumba cha ghorofa ya nne chenye zulia la bluu na pazia lisilofunguka, hakuna kinachowaambia kama wako Dodoma au mji mwingine wowote. Kuta nene na veranda vilibuniwa kwa ajili ya joto la mahali hapa kabla ya viyoyozi kuwapo. Kuna pia agizo la Novemba 2015, Rais John Magufuli alipotaka semina na warsha za serikali zifanyike katika kumbi za umma badala ya hoteli. Nia ilikuwa kubana matumizi. Lakini mantiki yake inafaa hapa pia: kama fedha za mikutano ni za umma, ni afadhali zitunze majengo ya umma.

Pingamizi la pili ni la heshima, nalo halijibiwi kwa hesabu. Njia ya misafara ilibeba pembe, na ilibeba watu waliotiwa minyororo. Reli ya kati ilijengwa chini ya utawala uliotumia kiboko, na katika vita vya kwanza vya dunia ikawa mkondo wa kuondolea ng'ombe, nafaka na wanaume wa Ugogo. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, uporaji wa upande mmoja ulifuatiwa na wa upande wa pili, na njaa ya Mtunya, iliyodumu hadi kufikia 1920, iliua Wagogo kwa maelfu. Je, mahali kama hapo ni pa kuweka bango la kampuni ya bima na sahani za sambusa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kufunga mlango hakujawahi kuwakumbuka wafu. Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, jengo la kale la misheni liitwalo St. Monica lina maonyesho ya biashara ya utumwa na vyumba vya wageni chini ya paa moja, na anayelala hapo haondoki bila kujua alilala wapi. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza la Waingereza kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kuwa makumbusho. Wafungwa hawakusahaulika kwa sababu wageni wanaingia, bali wanakumbukwa kwa sababu hiyo. Sharti liwe kwamba jengo lisikodishwe likiwa bubu. Kabla ya mwenyekiti kufungua kikao, nusu saa iwe ya mtu wa mambo ya kale kuwaeleza waliokaa wamekaa juu ya nini. Kampuni isiyotaka kusikia habari za Mtunya iende ghorofa ya nne.

La tatu ni la mafundi: watu huharibu. Viti huburutwa, misumari hupigiliwa kutundika mabango, spika hutikisa dari, na mpishi huwasha jiko mahali pasipostahili. Haya yote ni kweli, nayo yana dawa inayojulikana, yaani mkataba wenye amana, idadi ya watu isiyopita uwezo wa sakafu, chakula kupikwa nje na vyoo kujengwa kando bila kutoboa ukuta wa kale. Ila hofu ya matumizi isitufanye tusahau upweke. Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la mwaka 1883, jengo lililoupamba uso wa Unguja kuliko yote, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Kwa miaka kabla ya hapo lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa sababu ya ubovu. Jengo lenye wapangaji husikika linapolalamika: bomba likivuja mteja hupiga simu siku hiyohiyo. Jengo lililofungwa huvuja kimya kimya, na anayekuja kugundua ni mkaguzi au mwokoaji.

Lililo gumu kuliko yote ni la fedha, na hapa historia niliyoieleza haitoi faraja ya bure. Kila zama, aliyetoza ndiye aliyekula. Jairam Shivji alitajirika, mtemi akavaa merikani, boma likajaza ghala, reli ikalipa hasara zake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kodi ya ukumbi wa kale wa Dodoma, ikiachwa ijiendee, itarudi kwenye paa la ukumbi huo. Itaingia kwenye mfuko mkuu wa shirika au wa halmashauri, itagharimia mafuta ya magari, na baada ya miaka kumi tutakuwa na jengo lililochoka pamoja na mazulia mapya ya bluu kwenye ofisi ya mkurugenzi. Watetezi wa ukodishaji hulipita jambo hili upesi mno. Kwa hiyo hoja yangu ina sharti: bila akaunti ya jengo lenyewe, inayotangazwa hadharani kila mwaka, na bila siku maalumu za wanafunzi na wakazi kuingia bure, ni afadhali kutokukodisha. Hongo, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa na adabu moja: aliyelilipa alipewa maji siku ileile, mbele ya macho ya watu.

Kinachozuia jambo hili si ukosefu wa wateja. Ni sheria na orodha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyokuja baadaye hulindwa pale tu waziri anapoyatangaza. Mwaka huo wa 1863 unayafaa magofu ya Kilwa na misikiti ya pwani. Katika uwanda wa kati, ambako nyumba ilikuwa ya udongo na miti na hudumu kadiri mwenyewe anavyoisiriba, karibu hakuna jengo la kabla ya 1863 lililosimama. Historia inayoonekana huku inaanza na mawe ya maboma na matofali ya reli. Kwa kipimo cha sheria, Ugogo haina cha kulinda. Na bado mwaka 2006 Tanzania yenyewe iliweka njia kuu ya utumwa na pembe kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, ikiitaja Bagamoyo na Ujiji kwenye ncha zake, na kati yake Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Nchi imeuambia ulimwengu kwamba Mpwapwa na Kilimatinde zina thamani sawa na Bagamoyo, lakini nyumbani haijaandika sheria inayosema hivyo.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme huwashusha abiria wa Dar es Salaam katika kituo kipya nje ya katikati ya jiji, na wengi wao ni watu wa mikutano: wamekuja asubuhi, wanarudi jioni. Kituo cha kale na mtaa wake vimebaki katikati ya mji, kwenye ardhi ambayo bei yake inapanda kila mwaka na ambayo mjenzi yeyote wa ghorofa anaitamani. Shirika la Reli, Jiji la Dodoma na Idara ya Mambo ya Kale hawahitaji tume wala safari ya mafunzo ng'ambo ili kuanza. Waziri anaweza kuyatangaza majengo ya reli ya kati yaliyojengwa kabla ya 1914 kwa tangazo moja la gazeti la serikali. Wenye majengo wanaweza kuandika mkataba wa kukodisha wenye kurasa tatu. Na nyinyi mnaopanga vikao vya kampuni na taasisi zenu, mkiulizwa mnataka ukumbi gani Dodoma, ulizeni kwanza kama kuna chumba cha zamani karibu na reli, kisha muulize fedha zenu zitaingia akaunti gani.